Matanga Yaliyomsubiri Profesa

Dzaleka, 10 Septemba 1995

Kwa mdogo wangu Épitace,

Amani ya Bwana iwe nawe huko Likuni. Sisi huku tunapumua, tunakula tukipata, na vumbi la kambi hii ya Dzaleka tunalipata bila kupanga foleni. Binti yangu Fidès amepanda darasa na sasa anajifanya Mwingereza. Jana amemtakia bibi yake usiku mwema saa nane mchana. Sylvain, yule fundi cherehani wa Fizi tunayepakana naye, amepata cherehani ya pili, na ndiye anayekuletea barua hii akienda mjini kununua nyuzi. Mpe maji ya kunywa. Usimwache mlangoni kama unavyowafanyia watu ukiwa unasoma.

Mama hajambo, ila goti linamsumbua asubuhi. Anakusalimu sana na anauliza kama unakula chakula au unakula vitabu.

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Mwezi uliopita Baba ametimiza mwaka kaburini, na unajua maana yake. Matanga ya mzee Gakiza hayajaanuliwa, na mwenye kuyaanua ni wewe, mtoto wa kiume aliyebaki. Mama bado amefunga kile kitambaa cheusi kichwani. Haendi arusini, hakai na wenzake wanapocheka, na kinachomuuma kuliko vyote, hagusi mbegu. Mwaka jana shamba letu lilipandwa na majirani, yeye ameketi pembeni kama mgonjwa. Mvua zitafika baada ya Novemba, na mwaka huu anataka apande mwenyewe. Kila siku ni wimbo huo huo: "Gloriose, andikia mudogo yako. Mi nimechoka kuwa mujane wa kilio, nataka kuwa mujane wa kawaida."

Mtama nimeupata Dowa, mwekundu kama wa kwetu. Ukinitajia siku nitaanza kuotesha kimea. Kazi yako si kubwa. Uje, ukae kwenye kiti cha Baba, unywe wa kwanza, useme yale maneno aliyokufundisha, umvue Mama kitambaa. Kesho yake utarudi kwenye vitabu vyako, na Mama atashika jembe.

Dada yako,
Gloriose


Likuni, 24 Septemba 1995

Dada mpendwa,

Sylvain amefika, amekunywa maji, tena amekula nsima, huu ugali wa huku, kwa maharagwe hadi akafungua mkanda, kwa hiyo usinisingizie. Nimefurahi kusikia habari za Fidès. Mwambie Kiingereza ni kizuri lakini asisahau kumpokea bibi yake ndoo.

Mimi ni mzima na kazi inakwenda vizuri kuliko nilivyotumaini. Unamkumbuka Profesa Madeleine, yule mama Mbelgiji aliyenichukua nimsaidie utafiti wake. Sasa anasema nisiwe msaidizi tu. Nikiandika mémoire, ile kazi ndefu ya kumaliza masomo, chuo chake kitaihesabu miaka niliyosoma Bujumbura kabla hatujakimbia, na watanipa diploma ya anthropolojia. Najua utacheka. Uliwahi kuiita elimu ya kuchungulia nyumba za watu. Lakini fikiria, dada. Hapa tunahesabiwa kwa magunia ya mahindi tu. Nataka iandikwe mahali kwamba sisi ni watu wenye desturi, kwamba tunajua kuzika, tunajua kulia, tunajua na siku ya kunyamaza. Nitaandika jinsi wakimbizi wanavyoanua matanga mbali na kwao.

Nitakuja Jumamosi ya tarehe 21 Oktoba. Otesha kimea chako. Maneno ya Baba ninayo yote. Alinifundisha tukiwa wawili shambani, kwa sababu alisema maneno hayo hayatamkwi ndani ya nyumba isiyo na msiba.

Mshike Mama mikono kwa niaba yangu.

Mdogo wako,
Épitace


Dzaleka, 23 Oktoba 1995

Épitace,

Salamu zipo, ila leo hasira imezitangulia. Tu wazima. Fidès mzima. Sylvain mzima, isipokuwa kichwa kinamuuma tangu juzi, nawe ndiye uliyesababisha.

Pombe haijui kusubiri. Ijumaa ilikuwa imeiva, Jumamosi asubuhi ilikuwa inachemka yenyewe kwenye mtungi. Mama alioga mapema, akapaka miguu mafuta, akavaa kitenge alichonunuliwa na Baba kule Rumonge, akaketi mkabala na kile kiti. Majirani walikuja, hata katekista. Tukangoja. Jua likatoka upande huu wa nyumba likahamia upande ule. Katekista akauliza, "Ule mutoto njo wapi sasa?" Sylvain akakutetea, akasema labda matola uliyopanda, ile pikapu ya abiria, imepasuka tairi. Jioni tulipoona hakuna tairi wala gari, watu wakanywa. Wakanywa hivi hivi, bila neno, kama watu waliookota mtungi barabarani. Mama akainuka, akaingia ndani na kitambaa chake kichwani.

Nilitaka kukuandikia barua isiyo na salamu kabisa. Yeye ndiye aliyenizuia. Alisema, "Usimuandikie maneno mabaya. Masomo haiko kama jembe, eti utaiacha katikati ya mustari uende kunywa pombe."

Niambie kilichotokea. Kama uliumwa, nitakuomba radhi. Kama hukuumwa, radhi uiombe wewe, na umwombe yeye.

Gloriose


Likuni, 12 Novemba 1995

Dada Gloriose,

Naomba radhi, kwako na kwa Mama. Sikuumwa. Ni mambo ya karatasi. Kibali changu cha kusafiri kiko mezani kwa mtu fulani huko Capital Hill, kwenye ofisi za serikali, na nikikamatwa njiani bila kibali naweza kupoteza hata ruhusa ya kukaa mjini. Nilingoja hadi Ijumaa jioni, nikawa sina tena mtu wa kumtuma.

Nimelifikiria sana jambo letu. Naona heri tuahirishe hadi Juni, baada ya mavuno. Mvua zikianza barabara itakuwa tope tupu, na watu watakuwa na njaa. Juni kila mtu atakuwa na chakula na matanga ya Baba yataanuliwa kwa heshima inayomfaa. Kuhusu kupanda, mwambie Mama msimu mmoja si mwingi. Ukiisha huu, mingine yote ni yake.

Wakati huo huo nisaidie kidogo. Babu alipofariki, Mama alikuwa msichana mkubwa, atakumbuka. Nani alikaa mkono wa kulia wa bibi siku ya kuanua? Pombe ilitolewa ndani ikaletwa nje, au ilianzia nje? Mwulize taratibu, uniandikie hata vipande vipande. Ni kwa ajili ya mémoire.

Namtumia Mama sweta kwa ajili ya lile goti. Najua sweta haivaliwi gotini, atajua mwenyewe la kufanya.

Mdogo wako,
Épitace


Dzaleka, 7 Januari 1996

Kwa Épitace,

Mwaka mpya umetukuta tukiwa hai, tumshukuru Mungu. Noeli tulikula mchele. Kwaya ya Wakongomani iliimba hadi paa la kanisa likatingishika, na Mama aliwasikiliza akiwa nyumbani. Sweta imefika. Anailalia. Ana kikohozi kidogo, cha mvua tu, kila mtu hapa anakohoa.

Shamba limepandwa. Wanawake walikuja watano na majembe yao, Mama akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa. Mmoja alidondosha punje pembeni ya shimo bila kuona. Mama aliinama, mkono ukafika hadi karibu na ile punje, kisha akaurudisha mapajani. Mimi niliona, nikageuka nikajifanya nalima.

Sasa sikiliza. Sylvain alikwenda kwako kabla ya Noeli, hukuwepo, akapokelewa na profesa wako aliyekuwa akifunga mizigo arudi kwao. Hivi ndivyo alivyonieleza, kwa kinywa chake: "Ule mama ni muzuri, alinipa chai na mukate. Anasema atarudi mwezi wa sita. Anasema Épitace amemuchungia ile fête ya matanga ya baba yenu, haitafanyika bila yeye." Nilimwuliza mara mbili kama amesikia vizuri. Na kibali chako, Sylvain alikiona kimebandikwa ukutani juu ya meza yako, kina muhuri wa mwanzo wa Oktoba.

Épitace, mtu humwekea mgeni kuku. Wewe umemwekea mgeni matanga ya baba yako.

Nilidhani nikimwambia Mama atakulaani, na kusema kweli nilitamani. Nilimsomea barua zako zote, nikamweleza na habari ya Sylvain. Akauliza, "Ule muzungu akiona, njo Épitace atapata diplôme?" Nikamwambia ndivyo inavyoonekana. Akasema, "Basi nitangoja." Nikamwambia ngoja ngoja huumiza matumbo. Akanijibu, "Tumbo ni yangu."

Akasema pia nikuandikie kwamba siku ya babu, aliyekaa mkono wa kulia wa bibi alikuwa shangazi mkubwa, na pombe ilianzia ndani. Sikutaka kuliandika hilo. Ameniamuru.

Gloriose


Likuni, 4 Februari 1996

Dada yangu,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, na bado haikupungua. Yote uliyoyasema ni kweli. Sina salamu za kupamba leo, niwasalimu tu wote.

Kibali nilikipata mapema. Mtu wa Capital Hill hakunikosea chochote. Ijumaa ile nilikuwa nimeshafunga mkoba. Profesa akashikwa na malaria, akawa hawezi kusafiri nami, akaniuliza kama tunaweza kungoja mpaka arudi Juni. Hakuniamuru, aliniuliza tu. Katika masomo haya wanasema mtu hawezi kuchunguza jambo analoliongoza mwenyewe. Nikiwa nimekaa kwenye kiti cha Baba, lazima pawe na jicho jingine la kutazama na kuandika. Bila hilo sura ya tatu haipo, na bila sura ya tatu diploma haipo. Nikajibu ndiyo kabla sijamfikiria Mama. Baadaye nikaona haya kukuambia, haya ikazaa uongo.

Nina miaka thelathini, dada. Nilikimbia na mkoba wa daftari wakati wengine wamebeba magodoro, na tangu siku ile sijaonyesha mtu yeyote kwamba sikuwa mpumbavu. Sisemi hivi ili unihurumie. Nataka ujue kwa nini mdomo wangu ulisema ndiyo upesi hivyo.

Lakini Mama ni Mama. Kama moyoni mwake anataka sasa, niandikie neno moja tu, nitakuja Jumamosi itakayofuata, na profesa atakosa. Naapa. Na kikohozi chake kikoje? Niambie ukweli. Nimempa Sylvain dawa ya maji na sukari kilo mbili.

Épitace


Dzaleka, 3 Machi 1996

Mdogo wangu,

Salamu kutoka kwetu sote. Dawa na sukari tumepokea, asante. Mahindi yamepita kiuno. Fidès amekuwa wa tatu darasani.

Mama anasema ngoja Juni. Kikohozi kimepungua.

Nilikuwa na mengine, lakini Mama ameketi hapa karibu yangu. Hajui kusoma, ila barua ikirefuka anaishuku. Anasema inatosha.

Gloriose


Likuni, 20 Machi 1996

Dada Gloriose,

Barua yako fupi imenipa usingizi. Mungu asifiwe kwa kikohozi, na umwambie Mama kwamba hakuna mwanafunzi hapa duniani mwenye mama kama wangu. Fidès nitamletea kalamu za rangi.

Nina habari njema. Profesa ameandika kutoka kwao: chuo kimesoma sura mbili za kwanza na kimezipenda. Ameshakata tiketi. Tuweke Jumamosi ya tarehe 15 Juni, na safari hii nitafika siku mbili kabla, nikusaidie hata kuchota maji.

Kesho nakwenda vijiji vya upande wa Mitundu kutazama mazishi ya Wachewa, wenyeji wa huku, ili niyalinganishe na yetu. Nitakuwa huko hadi baada ya Pasaka. Ni watu wakarimu. Mara ya kwanza nilipofika waliniketisha na wanaume na kuniambia zikomo, yaani asante, kabla sijafanya lolote. Barua haitanifikia huko, lakini ukiwa na neno mwachie mlinzi hapa Likuni.

Mdogo wako mwenye furaha,
Épitace


Dzaleka, 14 Aprili 1996

Épitace, mdogo wangu,

Kaa chini kwanza.

Mama ametutoka Alhamisi baada ya Pasaka, mchana. Tumemzika Ijumaa, ubavuni mwa Baba. Watu walikuwa wengi, hata wasiotujua. Wanawake wa Uvira ndio waliomwosha.

Kikohozi hakikuwa kidogo. Tangu Januari alikuwa anatema damu, akiificha kwenye pindo la kitenge. Nilipogundua nilimpeleka kwa daktari, akapewa dawa, akameza, lakini tulikuwa tumechelewa kwenda. Ulipouliza Februari, nilikuandikia ukweli ukurasa mzima. Akataka nimsomee. Nikamsomea. Akauchukua ule ukurasa akauweka jikoni kwenye moto, akasema, "Ukimuambia, atakuja. Akikuja sasa, ile sura yake ya tatu itakufa. Acha amalize." Nikaandika ile barua nyingine, ile fupi. Sina wa kumsukumia, mkono ulioandika ni wangu. Wewe ulinificha kibali, mimi nikakuficha mama.

Jumatano, alipoacha kula, nilisema potelea mbali, nikamtuma Sylvain. Likuni mlinzi akamwambia uko Mitundu. Akapanda matola hadi Mitundu. Sokoni wanakujua. Walimwambia yule Mrundi anayeandika mazishi yuko kijiji cha mbali, huko kuna mzee amefariki. Akachukua kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, ikakatika mnyororo kwenye tope, akatembea mpaka alipofika njia panda na hakuna wa kumwuliza. Alirudi kesho yake jioni, matope hadi kiunoni, akatukuta tunaomboleza. Akalia mlangoni kwetu, mtu mzima yule.

Kitambaa nilimvua mimi kabla hajakata roho. Usiniulize zaidi juu ya hilo.

Njoo.

Gloriose


Likuni, 30 Juni 1996

Dada yangu Gloriose,

Nakusalimu, namsalimu Fidès, namsalimu Sylvain ambaye sitaweza kumlipa kwa safari ile. Natumaini mahindi mmeshayaingiza ndani.

Nilipokuwa kwenu Aprili nyumba ilikuwa imejaa watu, na wewe ulikuwa unazunguka na masufuria, kila nilipokukaribia unamkumbuka mgeni ambaye hajala. Nilielewa. Mimi mwenyewe sikujua ningesema nini. Niliketi makaburini nikajaribu kuyasema maneno ya Baba peke yangu. Nilifika katikati nikakwama, kwa sababu katikati pana mahali pa kumgeukia mjane na kumwita jina.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Alhamisi ile nilikuwa nimeketi mkekani na wanaume wa kijiji nisichowahi kukijua kabla, ninaandika nani anachimba na nani anapokea udongo. Mwenye msiba alinijia, akanishika mkono, akanishukuru kwa kuja kulia pamoja naye. Sikuwa ninalia. Nilikuwa ninaona kwamba mvua itanilowesha karatasi. Wanasema msiba wa kujitakia hauna kilio. Nimelia, dada, nalia hadi leo, lakini kila mara najiuliza kama nina haki.

Profesa amefika tarehe kumi. Nilimweleza yote pale uwanja wa ndege. Alilia, akasema laiti angejua asingeniuliza vile mwaka jana, na namwamini, kwa sababu wa kukataa nilikuwa mimi. Wiki nzima hatukugusa kazi. Kisha juzi akauliza, kwa upole, ni nani aliyemvua Mama kitambaa. Nikamwambia ni dada yangu. Akasema hajawahi kusoma popote habari ya binti kukaa mahali pa mtoto wa kiume na kuanua matanga ya baba yake. Anasema sura ya tatu inaweza kusimama juu ya jambo hilo peke yake, na chuo kinapokea kazi hadi mwisho wa Agosti.

Uliniambia nisikuulize. Nakuuliza. Ulikaa kwenye kiti cha Baba? Pombe ilikuwepo? Nani alikunywa wa kwanza? Ulisema maneno gani?

Nimeyaandika maswali haya na kuyachana mara kadhaa. Sijui anayeuliza ni mwanafunzi au ni mtoto wa Mama, wote wawili wanatumia mkono huu mmoja. Ukikataa, nitamwambia profesa kwamba kazi imeishia hapo, na sitakulaumu kamwe.

Épitace


Dzaleka, 21 Julai 1996

Kwa Épitace, mdogo wangu,

Nimepokea barua yako na nimeona salamu zako zote. Mahindi tumeingiza ndani, si haba. Fidès amerefuka, nguo za mwaka jana zinamwishia magotini, na Sylvain amemshonea gauni bila kutaka chochote. Baridi ya mwezi huu ni kali. Ile sweta ninailalia mimi sasa.

Nilipofika kwenye yale maswali niliikunjakunja barua nikaitupa. Nilikutukana, na ni vizuri hukuwepo. Kisha nikaiokota, nikainyosha kwa kiganja, kwa sababu nilikumbuka kwamba Mama mwenyewe alikuwa akiyajibu maswali yako hata akiwa na kilio kichwani. Na mtoto ana haki ya kujua mama yake alikwendaje, hata akiuliza kwa mdomo wa mwanafunzi. Kwa hiyo nakujibu mara hii, na nisiulizwe tena.

Kiti cha Baba sikukikalia. Kilikuwa karibu na kitanda, juu yake kuna dawa na kikombe cha maji. Pombe haikuwepo. Mtama ulikuwa kwenye gunia, unaisubiri Juni yenu. Hakuna aliyekunywa kitu. Nyumbani tulikuwa mimi na Fidès tu, na Fidès nilimtuma nje achote maji ambayo hatukuyahitaji. Maneno ya Baba siyajui. Sikufundishwa, na wewe unajua sikufundishwa.

Padri alikuwa ameshampaka mafuta asubuhi. Macho ya Mama hayakuwa yanaona tena vizuri, alikuwa anatambua watu kwa kuwagusa. Na mikono yote miwili ilikuwa kichwani, imeshika kile kitambaa. Kila nilipojaribu kumfuta jasho alidhani nataka kumvua, akavutana nami, na nguvu hizo sijui alizitoa wapi. Alikuwa anasema, "Acha. Hiyo ni kazi ya Épitace. Acha." Alisema hivyo tangu asubuhi hadi sauti ikabaki pumzi. Nikaona mama yangu atakufa akipigana na mimi. Niliogopa, Épitace. Nilikuchukia saa ile, na nilikuhitaji kuliko siku zote za maisha yangu.

Basi nikadanganya. Hilo ndilo profesa wako analotaka kuandika kitabuni, na hivi ndivyo lilivyokuwa. Niliinuka nikafungua mlango, nikaufunga tena kwa kishindo ili ausikie. Nikarudi nikamwinamia sikioni nikamwambia, "Mama, Épitace amefika. Iko inanawa mikono." Akaacha kuvutana. Akatega sikio upande wa mlango. Nikasogea upande wa pili wa kitanda, nikamshika, nikaanza kulifungua lile fundo bila kusema kitu.

Aliachilia mikono yake ikateremka juu ya yangu. Akaipapasa viganja, polepole, kidole kwa kidole. Kisha akatabasamu, akasema, "Mikono yako imekuwa ngumu hivi, mutoto wangu. Banakulimisha kule ku masomo?"

Sikumjibu, kwa sababu angeitambua sauti yangu.

Dada yako,
Gloriose